Nani Aliongeza Nyumbu?

Ndugu zangu wa Tarime na Serengeti, nyumbu wa Serengeti mwaka 1961 walihesabiwa karibu 260,000. Mwaka 1977 walizidi 1,300,000! Hesabu hutuambia ni wangapi. Sababu twaitafuta kwa kurudi nyuma, kama tunavyofuata nyayo za ng'ombe aliyeibwa.

Je, ni mvua na majani tu? Mvua ilisaidia, sikatai. Lakini mbona punda milia, wanaokula majani hayohayo, walibaki palepale? Nyati je? Waliongezeka. Haya, nyumbu na nyati huugua sotoka. Punda milia haugui. Tena damu ya nyumbu waliozaliwa baada ya 1963 ilipopimwa, haikuonyesha sotoka. Na nyumbu hawakuchanjwa. Waliochanjwa ni ng'ombe wa wazee wetu, kandokando ya hifadhi.