Paka wa Mwenzetu na Ufunguo wa Jirani

(Maneno yaliyosemwa na mwanakamati mmoja kwenye mkutano wa wanachama, Baraka, teritware ya Fizi)



Niliombwa kusema juu ya kuishi pamoja kwa amani. Neno hilo tunalisikia kwenye kila semina, na tunalipigia makofi. Leo nitalieleza kwa habari ya paka. Musicheke bado, munisikilize.

Hali yetu munaijua. Tangu mwaka 2005, meli za HCR zilipoanza kutuleta kutoka Kigoma, wengi wetu tumekuta viwanja vyetu vina watu. Wale waliobaki hapa nao waliteswa na vita, wakalima pale palipokuwa wazi. Ndiyo maana leo mipaka mingi iko na maneno.

Mwenzetu mmoja, mama mjane aliyerudi kutoka Nyarugusu, ana maneno ya namna hiyo na jirani yake, mchuuzi wa ndagala. Walikuwa wamemaliza miezi mingi bila kusalimiana. Mwezi wa nane, paka wa yule mama akapotea.

Mtu atauliza: paka ni kitu gani mpaka kamati isimame? Mama alikuwa anatunza gunia la mbegu za karanga, mkopo wa sanduku letu, akingojea mvua za mwezi wa tisa. Panya wakiingia kwenye gunia, anabaki na maganda, na deni liko palepale. Sumu ya panya iko sokoni, lakini kwenye nyumba yenye watoto na kuku ni hatari, na paka akila panya mwenye sumu, naye anaweza kufa.

Siku ileile maneno yakaanza. «Ni jirani. Amemuua, ama amemla.» Wengine wakaingiza uchawi. Na kwa kuwa jirani alikuwa amesafiri kwenda Uvira, wakasema: «Munaona? Amekimbia.» Vijana walitaka kwenda kuvunja mlango wake.

Aliyewazuia ni mama mzee wa avenyu hiyo, mmoja wa wale waliobaki. Aliuliza neno moja tu: «Mumetafuta?»

Hakuna aliyekuwa ametafuta. Basi wakagawana kazi. Watoto waliangalia chini ya vitanda, kwenye mapipa matupu na juu ya dari. Akina mama walipita nyumba kwa nyumba, za waliorudi na za waliobaki, wakiomba kila mtu afungue jiko na stoo yake mwenyewe. Hawakusema «munatuibia», walisema «mutusaidie kuangalia». Mama mzee alitufundisha pia kwamba paka mwenye hofu hajibu mchana wakati wa kelele. Mara nyingi amejificha karibu na kwao, kimya kabisa. Kwa hiyo tulizunguka usiku na tochi, mwenyewe akiita kwa sauti ya chini, sisi wengine tukinyamaza.

Usiku wa tatu tukasikia sauti nyembamba ndani ya stoo ya ndagala, ya jirani yuleyule, imefungwa kwa kufuli.

Hapo ndipo pangeharibika. Mama mzee akampigia jirani simu, akamweleza yote. Jirani akasema ufunguo uko kwa mdogo wake. Mlango ulifunguliwa mbele ya shefu wa avenyu, na kila mtu akaona: paka aliingia kufuata harufu wakati mizigo inatolewa, akafungiwa bila mtu kujua. Tumbo lilikuwa limejaa, kiu ndiyo ilikuwa inamuua. Kwenye simu jirani akauliza: «Amekula ndagala zangu ngapi?» Halafu akacheka, na yule mama akacheka. Ni mara ya kwanza wacheke pamoja.

Sitawadanganya, wafadhili wetu: mgogoro wa mpaka haujaisha. Lakini jirani aliporudi kutoka Uvira walisalimiana, na wote wawili wamekubali wazee wapime kiwanja baada ya mavuno. Kama mlango ungevunjwa usiku ule, leo tungekuwa tunachanga pesa za hospitali, ama za polisi.

Ninaomba mambo matatu. La kwanza, kitu kikipotea, iwe mbuzi, paka ama jembe, tusitaje jina la mtu kabla ya kutafuta. La pili, kila avenyu iwe na watu wawili wa kuongoza kutafuta, mmoja aliyerudi na mmoja aliyebaki, na sanduku la chama liwape tochi na salio la simu. Wafadhili, hilo ni jambo dogo munaloweza kutusaidia. La tatu ni la afya: paka mwenye hofu asikamatwe kwa mkono mtupu, afunikwe na kitambaa. Mtu akiumwa na paka ama mbwa, aoshe kidonda kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu ugonjwa wa kichaa cha mbwa ukishaanza kuonekana hauponi.

Gunia la karanga limebaki zima, na mbegu zimeshaingia udongoni.