Vumbi Halikomei Getini

(Maelezo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wafanyakazi wa chumvi, wachimba mawe na wakaazi wa Magarini. Yamefupishwa kidogo.)



Nimeombwa kuzungumzia mustakabali wa afya, usalama na mazingira mahali pa kazi. Jina ni refu kuliko jambo lenyewe. Maana yake ni kwamba mtu atoke kwake asubuhi akiwa mzima, arudi jioni akiwa mzima, na kazi aliyoifanya isimfuate nyumbani wala isimharibie jirani kisima.

Baadhi yenu mlikuwepo mwaka 2005, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilipofanya uchunguzi wa hadhara hapa Magarini kuhusu viwanda vya chumvi. Wakati huo tulikuwa bado chini ya Wilaya ya Malindi. Ripoti ilitoka mwaka 2006. Ndani yake mna vibarua wanaolalamika kukosa vifaa vya kujikinga, na mna wanakijiji wanaolalamika kuhusu ardhi, mikoko iliyokatwa na visima vilivyogeuka maji chumvi. Tumezoea kuyatenganisha haya: la kibarua tunalipeleka kwa watu wa leba, la kisima kwa NEMA. Lakini maji yanayomchubua kibarua miguu ndiyo yanayopenya hadi kwenye kisima cha mamake.

Wanaotaka ushahidi watazame Owino Uhuru, kule Mombasa. Kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Wafanyakazi walivuta moshi na vumbi lake, wakarudi nyumbani na nguo zile zile. Ukuta wa kiwanda ulipakana na kijiji, na maji machafu yakatiririka kupita milangoni mwa watu. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo, aligundua kuwa mtoto wake mchanga ana risasi mwilini. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni miaka hiyo. Mtoto aliyezaliwa wakati kile kiwanda kinaanza kazi sasa ni kijana mkubwa.

Kwa hiyo nikiulizwa mustakabali ni upi, sitaanza na mitambo mipya. Nitaanza na karatasi. Najua karatasi haipendwi. Lakini kijana wa timbo akiangukiwa na jiwe mguuni, mara nyingi mambo huisha hivi: anapewa pesa kidogo za dawa, anaambiwa apumzike, na wiki ya pili nafasi yake ina mtu mwingine. Hakuna kilichoandikwa, kwa hiyo mbele ya sheria hakuna kilichotokea.

Sheria yenyewe haina upungufu mkubwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, awe wa kudumu au wa muda. Neno kibarua si kisingizio. Mahali penye watu 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama yenye wawakilishi wa wafanyakazi, na kila mwaka pakaguliwe. Mwajiri haruhusiwi kukufuta kwa sababu umelalamikia hatari, wala kukukata mshahara kwa gambuti na glavu ambazo sheria inamtaka akupe. Nawe ukishapewa, uvae. Nimewaona wengine wakining'iniza helmeti kwenye pikipiki kama pambo.

Kuna pia Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ile tunayoiita WIBA. Ilipingwa mahakamani kwa miaka mingi, na mwishoni mwa 2019 Mahakama ya Juu ikaithibitisha. Chini yake, kifo au ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mapato ya miezi 96. Mwajiri akishajua kuna ajali ana siku 7 za kuiripoti, na kwa kifo ni saa 24. Dai lenyewe liwasilishwe kabla ya miezi 12 kwisha. Fomu ya kwanza inaitwa DOSH/WIBA 1. Mwambie mwajiri mapema, ukiwa na shahidi, na ukifika hospitalini mweleze daktari wazi kwamba uliumia kazini, ili aandike hivyo. Ukisema tu "nimeanguka", faili itasema umeanguka, na mwaka mzima utapita ukibishana na faili yako mwenyewe.

Sasa, yanayokuja. Kubwa kwetu ni joto. Chumvi huvunwa katika miezi ya jua kali, na ule weupe wake unalirudisha jua machoni. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani, ILO, liliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Kwa mtu anayevuna chumvi kaskazini inapovuma, haki hiyo ni kivuli, maji ya kunywa karibu, miwani ya jua, na kazi nzito kuanza alfajiri ikasimama adhuhuri. Hakuna hata moja hapo linalohitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Kwenye matimbo, kumwagia maji pale msumeno unapokata jiwe hupunguza vumbi kwa anayekata na kwa shule iliyo upande upepo unakoelekea.

Mtauliza kaunti inafanya nini. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeacha viwango vya kazi mikononi mwa serikali ya kitaifa. Mkaguzi wa usalama kazini ni wa Wizara ya Leba, si wetu, na hatuwezi kumtuma wala kumfukuza. Kaunti ina afya ya umma, leseni za biashara, na udhibiti wa uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine. Wananchi hutumwa ofisi hii hadi ile mpaka nauli inaisha, na hilo linaudhi. Kwa maoni yangu, na hapa nasema kama mimi, afisa wa kaunti anayeingia timboni kwa ajili ya leseni angeuliza pia cheti cha kusajiliwa mahali pa kazi na ukaguzi wa mazingira wa kila mwaka. Asipoviona, awajulishe wenye mamlaka siku hiyo hiyo. Yuko pale tayari. Mafuta ya gari yameshalipiwa.

Na jirani asiyeajiriwa popote? Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Mama ambaye kisima chake kimebadilika ladha asingoje kuugua. Aandike tarehe, achukue maji kwenye chupa safi, ampelekee afisa wa afya ya umma wa wadi yake, na barua yake NEMA wapige mhuri wa kupokea. Ile nakala yenye mhuri abaki nayo yeye.

Maafisa wa afya wako pale chini ya mwarobaini na nakala za fomu ya WIBA. Hazilipiwi. Anayetaka kuuliza mambo ya kiwanda chake bila kutajwa jina aje kwangu tukimaliza. Wengine tuanze sasa; naona mzee pale nyuma ameinua mkono kitambo.