Tumbo la Mtu na Tumbo la Paka

Katika nyumba nyingi za kwetu paka huwekwa kwa kazi moja, nayo ni kulinda ghala na panya. Ujira wake ni makombo ya ugali na maji ya mboga. Akikonda, au akianza kujigonga ukutani kwa upofu, watu husema ni uzee, au amerogwa. Leo twataka kuchungua tumbo lake na kulilinganisha na letu, maana mara nyingi sababu imo humo.

Na tuanze kinywani. Mtu mzima ana meno 32, paka ana 30. Hesabu zakaribiana, bali kazi ni mbalimbali. Magego yetu ni bapa kama jiwe la kusagia, na taya letu laweza kwenda upande huu na upande huu. Taya la paka hufunguka na kufumba tu, na magego yake hukata kama mkasi. Mtazameni alapo kichwa cha samaki: huinamisha shingo, hukata, kisha humeza mapande. Mate yetu nayo yana kitu kinachovunja wanga, ambacho vitabu vya shule hukiita kimeng'enya. Tafuneni tonge la ugali kwa muda bila kumeza, mtaonja utamu waja. Mate ya paka hayana kitu hicho. Hata utamu wenyewe haujui: mwaka 2005 wataalamu walionyesha kwamba ulimi wake umekosa kiungo cha kutambua sukari.

Chakula hushuka kwa umio hata tumboni. Juu ya mwendo wa tumbo, mengi tumefundishwa na paka. Mmarekani Walter Cannon aliwalisha paka chakula kilichochanganywa na madini, akawamulika kwa miale ya Röntgen, ile ipenyayo mwilini, na mwaka 1898 akaandika aliyoyaona. Aliona tumbo likijikamua kwa mawimbi, kama mikono ikandayo unga. Tena aliona kwamba paka akikasirishwa au akiogopa, mawimbi yale hukoma. Tumbo la mtu nalo hulegea katika kazi yake kwa hofu na uchungu. Wazazi wenye desturi ya kuwakaripia watoto sinia likiwa mbele yao, na walifikiri neno hili.

Utumbo wetu mwembamba, ukinyoshwa, hupata kama metro 6. Matumbo ya paka ni mafupi: yote pamoja ni kama mara 4 ya urefu wa mwili wake, hali ya mbuzi hupita mara 20. Nyama huyeyuka upesi, majani hukawia. Kwa hiyo mla nyama hahitaji njia ndefu. Sisi tumo katikati, twala vyote.

Sasa twafika kwenye ini, na hapa ndipo penye jambo kubwa. Ini hutoa nyongo, nayo husaidia kuyeyusha mafuta. Nyongo ya paka yahitaji kitu kiitwacho taurini, kilichomo katika nyama na samaki, wala hakimo katika mahindi, mtama au muhogo. Mwili wa mtu hujitengenezea taurini, tena waweza kutumia kitu kingine katika nyongo badala yake. Paka hutengeneza kidogo mno, na kila siku nyingine hupotea pamoja na kinyesi. Akiba ikiisha, mwili hudhurika. Mwaka 1975 wataalamu walionyesha kwamba paka aliyekosa taurini huharibika utando wa ndani ya jicho, na mwaka 1987 ikajulikana kwamba moyo wake nao hutanuka na kudhoofika. Moyo waweza kupona akitibiwa mapema. Jicho lililokwisha kufa halirudi.

Si taurini peke yake. Sisi twapata vitamini A kwa kula mchicha na papai; paka hawezi kuifanya kutoka katika mboga, sharti aipate katika ini na nyama. Lakini asitucheke, maana yeye hujitengenezea vitamini C, na sisi tukikosa matunda na mboga twapata kiseyeye.

Basi apewe nini? Hatusemi anunuliwe nyama ya sokoni. Dagaa, vichwa vya samaki, moyo na ini la kuku vyamtosha, hata vikichanganywa na ugali kidogo, kwani wanga uliopikwa aweza kuuyeyusha kwa kiasi. Mkivichemsha, mpeni na mchuzi wake, maana taurini hutoka ikaingia katika maji. Maziwa hayamfai sana. Paka wengi wazima huharisha kwayo, kama walivyo watu wengi.

Wako watakaosema kwamba paka akilishwa hawindi. Waangalieni wenyewe: paka aliyeshiba humvizia panya, akamshika, akamchezea, pengine asimle. Kuwinda ni tabia yake, na kazi hiyo yataka macho mazima na moyo wenye nguvu.

Katika mazungumzo yajayo tutamtazama ng'ombe, ambaye tumbo lake lina vyumba vinne, na ambaye hucheua aliyokwisha kuyameza. Kwaherini.