Siku za Kati: Kutoka Mkataba hadi Ufunguo

Mazungumzo kwa wanachama wa vyama vya msingi, Sanya Juu



Wengi wetu tukiuza nyumba hapa Sanya Juu ili tukanunue nyingine Moshi, hudhani kuwa siku ya kutia sahihi mkataba ndiyo siku ya kuhama. Sivyo. Kati ya sahihi na kukamilika kwa mauzo pana siku za kati, na hasara nyingi huzaliwa humo.

Siku hizo zina kazi yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mume au mke. Ardhi ikiwa ya kijiji, Sheria Na. 5 ya mwaka 1999 inataka idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Nyumba ikiwa na hati, uhamisho sharti usajiliwe.

Basi mkataba utaje siku ya malipo ya mwisho, siku ya kukabidhi ufunguo, na namna arubuni itakavyorudishwa idhini ikikosekana. Kama pana kahawa mitini, iandikwe nani ataichuma.

Tena, fedha ya nyumba ya kwanza ikiwa ndiyo itakayonunua ya pili, mwombeni mnunuzi awaachie mkae majuma kadhaa baada ya kulipa, nayo iandikwe. Asiyefanya hivyo huenda masika yakamkuta na vyombo uani, hana nyumba ya zamani wala mpya.

Hatuachi kahawa yetu chamani bila stakabadhi. Tusiache nyumba kwa neno la mdomo.