Maneno ya Akina Mama Wafumaji

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, na ninyi wana-Usangi mliopanda mlima kutoka Dar, Arusha na Moshi, karibuni nyumbani.

Vitambaa vya makochi tulianza kufuma kwa kroshia tukiwa wasichana, vya nyumbani na vya kupeleka harusini. Jirani akikisifia kimoja, unampa.

Tulipoanza kuuza ndipo tulipogundua hatujui bei. Seti moja tuliuza Sh. 30,000, tukafurahi. Siku tuliyokaa na daftari tukaona nyuzi peke yake zimekula Sh. 22,000, na mfumaji ameketi wiki mbili. Mwenzetu mmoja alisimama akatoka nje bila kusema neno.

Sasa tunaandika kila kitu: nyuzi, nauli, siku za kazi. Oda haianzi bila nusu ya malipo, hata ukiwa shemeji. (Mashemeji mliopo hapa mnajijua.)

Kinachotusumbua bado ni nyuzi. Dukani hapa tunanunua uzi mmoja mmoja. Ukiisha katikati, unaofuata rangi yake haifanani. Mwaka jana mteja alikataa seti nzima kwa sababu hiyo, tukamrudishia fedha zake kutoka mifukoni mwetu. Tukinunua kwa katoni Kariakoo, rangi inakuwa moja na bei inashuka.

Tunachoomba katika harambee hii ni mtaji wa katoni za kwanza. Daftari letu lipo mezani pale mlangoni, pamoja na vitambaa. Lifungueni mlisome. Bei zimeandikwa.