Kicheko cha Mama wa Mjini Kina Maneno Ndani Yake



Leo hatutazungumza juu ya mbegu wala ng'ombe wa maziwa. Tutazungumza juu ya kicheko. Msishangae. Sisi tunaofanya kazi ya huduma za jamii tunazunguka mijini na vijijini, na tumeona ya kwamba kicheko humsaidia sana mama anayelea watoto katika mji mkubwa kama Nairobi. Hakiuzwi dukani wala hakina riba. Lakini kina maneno ndani yake, na watu wa nyumbani yatupasa kujifunza kuyasikia.

Kwanza tuangalie maisha yenyewe. Binti yenu anaishi chumba kimoja. Hapo ndipo jikoni, ndipo sebuleni, ndipo pa kulala, tena ndipo darasa la mtoto. Maji ananunua kwa mtungi wa lita 20. Mafuta ya kupikia anapimiwa ya shilingi chache. Nauli ya matatu hupanda mvua ikinyesha, kana kwamba mawingu nayo yanalipwa mshahara. Hata ile mboga tunayoila sote iliitwa sukuma wiki kwa sababu inasaidia kuisukuma wiki mpaka pesa zipatikane. Jina lenyewe ni mzaha, na ndani ya mzaha kuna ukweli: pesa zimeisha, wiki bado.

Hebu sikilizeni mambo ambayo kina mama wa mjini husimuliana wakifua nguo.

Mama mmoja alipanda matatu amempakata mtoto ili asilipie kiti cha pili. Kondakta akatazama ile miguu mirefu inayogusa chini, akauliza, "Huyu ana miaka mingapi?" Mama akajibu, "Mitatu." Mtoto akaruka, "Mama, si mimi niko gredi ya pili?" Kondakta akasema, "Basi huyu alianza shule akiwa tumboni!" Gari zima likacheka. Mama naye akacheka, akalipa. Angeweza kumzaba mtoto kofi, lakini mtoto alikuwa amesema kweli. Kumpiga kungemfundisha uongo.

Mwingine anaishi Pipeline, kule Embakasi, ghorofa ya tano. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutumika nchini kote mwaka wa 2019, mzazi naye ana kazi ya shule. Saa mbili usiku mtoto akakumbuka ya kwamba kesho inatakiwa sanamu ya kufukuza ndege shambani. Mama akasema, "Shamba liko wapi? Na ndege tunazoziona hapa ni zile za kutua uwanja wa Jomo Kenyatta. Hizo haziogopi sanamu!" Hata hivyo alichukua suruali kuukuu ya mzee, akaijaza makaratasi, akaivika koti na kofia, akaisimamisha karibu na mlango. Stima ikapotea. Baba akarudi usiku, akafungua, akaona mwanamume amesimama ndani. Akasema, "Samahani, nimekosea nyumba," akashuka ngazi zote mpaka chini.

Mmecheka. Sasa turudi tuyasikie maneno yaliyo ndani. Yule wa kwanza anatuambia nauli imemshinda. Wa pili anatuambia mume hufika usiku, na yeye hubaki peke yake na mtoto, kazi ya shule na giza. Ukimpigia simu ukimuuliza, "Mko aje?" atakujibu, "Tuko sawa." Hataki kuwahangaisha, tena anaogopa kusemwa ya kwamba mji umemshinda. Lakini akisimulia kichekesho, mlango umefunguka kidogo. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiwa mbali, wa binti yako nao huonekana mwepesi.

Kwa hivyo tunawaomba mambo matatu.

La kwanza, tucheke pamoja na mama, tusimcheke. Anayejicheka mwenyewe anapumzika. Anayechekwa na wengine anajificha. Kisa alichokusimulia kisifike sokoni kabla yako.

La pili, tukimaliza kucheka, tuulize. "Na kesho mtoto atafikaje shuleni?" Pengine mahindi na maharagwe yakitumwa na gari la asubuhi yatamfaa kuliko mashauri marefu. Kicheko bila mkono wa kusaidia ni kelele tu.

La tatu, tumwangalie mama ambaye kicheko kimemtoka kabisa. Kama amejifungua, na huzuni imepita wiki mbili, hapati usingizi hata mtoto akilala, ama hataki kumshika mtoto, huyo si mvivu wala hakurogwa. Ni ugonjwa unaowapata kina mama wengi baada ya kuzaa, wa mjini na wa kijijini, na una matibabu. Asiambiwe "jikaze". Apelekwe kliniki. Akisema afadhali afe, ama anafikiria kumdhuru mtoto, apelekwe siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake hata dakika moja.



Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Ni nani kati yetu aliye na binti au mkaza mwana anayelea watoto mjini? Mara ya mwisho alituchekesha lini, na alikuwa akisema nini?

2. Kikundi chetu kinaweza kumtumia nini mama wa mjini bila kungoja aombe?

3. Hapa kijijini, kuna mama aliyejifungua karibuni ambaye hatujasikia kicheko chake? Nani atamtembelea wiki hii?