Daktari wa Nini? Mada kwa Vijana wa Meru na Embu Wanaofikiria PhD



Ndugu zangu, dada zangu, nyinyi mliotoka Maua, Nkubu, Runyenjes na hapa Embu mjini, na wewe unayesoma haya kwa simu huko uliko. Nimeombwa nizungumze juu ya PhD, na hasa PhD ya elimu ya mashirika kwa mtu anayetaka kufundisha chuo kikuu. Najua ukisikia "mashirika" unafikiria NGO na gari nyeupe. Hebu tuanze hapo.

Shirika, kwa hii elimu, ni watu waliojipanga ili wafanye jambo ambalo mmoja peke yake haliwezi. Hospitali ni shirika. Kiwanda cha chai ni shirika. SACCO ya matatu, kamati ya msikiti, bodi ya madrasa, chama cha akina mama, ofisi ya chifu, zote ni shirika. Anayesoma usimamizi wa biashara hufundishwa namna ya kuendesha. Anayesoma elimu ya mashirika huuliza kwanza: hiki kitu kinaendeshwaje hasa, ukiachana na vile katiba yake inavyosema? Nani anaamua? Nani anatii, na kwa nini? Mbona watu saba wazuri, wacha Mungu, ukiwaweka kwenye kamati moja kazi inalala miaka mitatu? Mnacheka, lakini hilo ni swali la PhD kabisa.

Na usidhani ni mambo ya kuletewa na meli. Ibn Khaldun, aliyeandika Muqaddima yake mwaka 1377, alikuwa akiuliza ni kitu gani kinawafunga watu pamoja mpaka wanajenga dola, na mbona kile kifungo kinalegea wakishazoea raha. Alikiita asabiyya. Ukienda darasa la elimu ya mashirika leo utaanzishiwa na Max Weber wa Ujerumani. Sawa, msome Weber, na umsome vizuri. Lakini ujue kwenu pia kulikuwa na mtu aliyekaa chini akafikiri.

Sasa nikupe mfano wa karibu. Nchiru, pale kwenye barabara ya kutoka Meru kwenda Maua, ndiko kwenye makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru. Mwaka 1956, wakati wa mkoloni, Njuri walipiga marufuku tohara ya wasichana. Uamuzi ulipita kwa kauli moja. Kwenye karatasi, mambo yamekwisha. Unajua kilichofuata? Wasichana waliingia msituni wakajikata wenyewe kwa viwembe. Wakapewa jina, Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa kwa kuvunja ile amri, wasichana, wanaume na wanawake.

Nisieleweke vibaya. Kile kisu sikitetei, na sheria ya Kenya ya 2011 imekikataza waziwazi. Ninachotaka uone ni swali. Baraza lenye nguvu kiasi kile, lililosema kwa sauti moja, na serikali iko nyuma yake, lilishindwaje kusikizwa na watoto wa kike? Nani hakuwa ndani ya kikao? Njuri ni baraza la wanaume, na jambo lenyewe lilikuwa chini ya wanawake wazee waliokuwa na mpangilio wao wa kulisimamia. Amri ilitoka kwenye shirika moja kwenda kuzima kazi ya shirika jingine ambalo halikuandikwa popote.

Mwaka huohuo wa 1956, huko Marekani, chuo cha Cornell kilianzisha jarida la Administrative Science Quarterly, ambalo mpaka leo ni kati ya majarida makubwa kabisa ya elimu hii. Hawa na wale hawakujuana, lakini wote walikuwa wanahangaika na jambo la amri na utii.

Aliyekuja kuichimba habari ya Ngaitana kwa undani ni mwanahistoria Mmarekani, Lynn Thomas, katika kitabu alichokitoa 2003. Kabla yake, mwaka 1977, Mmarekani mwingine, David Leonard, alitoa kitabu kizima cha nadharia ya mashirika kuhusu maafisa wa kilimo waliokuwa wakiwatembelea wakulima hapa Kenya. Mwaka 1991 akatoa kingine juu ya wakuu wanne wa utumishi wa umma, mmoja wao Charles Karanja aliyeongoza KTDA. Si dhambi mgeni kuandika. Waliandika vizuri, na tunawashukuru. Lakini jiulize: kile kiwanda mama yako anakopeleka majani kila wiki, nani amekiandika? Ile bodi ya madrasa uliyosomea? Tukinyamaza wengine watatueleza, halafu tulalamike kwamba wametueleza vibaya.

Waafrika wa Mashariki wako kwenye hii elimu. Moses Kiggundu, Mganda aliyefundisha Kanada katika chuo cha Carleton, aliandika na wenzake makala mwaka 1983 kwenye lile lile jarida la Cornell, wakiuliza kama nadharia za usimamizi zilizozaliwa nchi tajiri zinafanya kazi zikifika kwetu. Jibu lao kwa ufupi: mambo ya ndani ya shirika, kama mashine na hesabu, nadharia inasafiri nayo vizuri. Ikifika mahali shirika linapokutana na jamii, siasa na serikali, inakwama. Ken Kamoche, Mkenya, amefundisha Hong Kong na Uingereza, na mwaka 2002 yeye na wenzake walitoa kitabu kuhusu namna mashirika yanavyobuni njia papo hapo mipango inapovunjika. Ndugu yangu, ni nani anayejua kubuni papo hapo kuliko makanga wa Meru siku ya mvua?

Haya, tuje kwenye safari yenyewe.

Kijana wa hapa leo ana bahati ambayo wazazi wake hawakuwa nayo. Toka Nchiru kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, shuka mjini ukipita KeMU, endelea Nkubu, Chuka, Runyenjes mpaka Embu. Vyuo vikuu vinne kwenye safari ya asubuhi moja. KeMU ilipata hati yake 2006, Meru na Chuka 2013, Embu 2016. Chuka na KeMU wana PhD ya usimamizi wa biashara, na hapo ndipo elimu ya mashirika inapojificha kwa vyuo vyetu vingi. Usitafute jina la "elimu ya mashirika" mlangoni. Tafuta msimamizi anayeandika juu ya mambo unayotaka kuyajua.

Kuanzia vigezo vya tume ya elimu ya vyuo vikuu, CUE, vya mwaka 2014, ngazi ya mhadhiri kwa kawaida inadai PhD. Shahada ya pili inakuingiza kama msaidizi tu. Na tume hiyohiyo inataka anayemaliza PhD awe ametoa makala mbili kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu. Hapo ndipo wengi wanaumia. Muda unawabana, anatokea mtu wa jarida la mtandaoni anakwambia lipa leo, makala itoke wiki ijayo. Hiyo si makala, hiyo ni risiti. Ukiomba kazi baadaye, kamati italiangalia lile jarida na itajua. Kuna na wale wa Nairobi wanaokuandikia tasnifu nzima kwa malipo. Sitasema mengi, unajua amana ni nini. Ila fikiria siku ya kutetea, umesimama mbele ya maprofesa, unaulizwa mbona ulichagua viwanda vile na si vingine, na aliyechagua ni mtu usiyemjua hata sura.

Kwa karatasi PhD ya hapa ni miaka mitatu. Wengi huenda zaidi, manake wanafanya kazi na kulea watoto hukohuko. Kuna masomo, kuna pendekezo la utafiti, kibali cha maadili, halafu kibali cha NACOSTI kabla hujamuuliza mkulima swali hata moja. Unaingia kwa watu ukiwa na barua mkononi, na ukitoka utarudi kuwaambia ulichokiona. Hilo la kurudi halimo kwenye fomu, lakini watu wetu wamechoka kuhojiwa na watu wanaopotea.

Kuna mlango wa pili ambao wengi hawauoni. Marekani, shule nyingi za biashara zenye PhD ya elimu hii hazimtozi mwanafunzi karo, na humpa posho ya kuishi. Unaweza kuingia hata na shahada ya kwanza, lakini utakaa miaka minne mpaka sita, na nyingi hutaka mtihani wa GMAT au GRE. Denmark, Sweden na Uholanzi, mwanafunzi wa PhD mara nyingi huajiriwa kabisa kwa mshahara. Sasa linganisha: kuna kijana anayeuza shamba la familia alipe karo hapa, na hajawahi kutuma ombi hata moja kule, kwa sababu alidhani huko ni kwa matajiri. Kabla hujauza kitu, tuma maombi. Na usiingie kwenye mkopo wa riba kwa ajili ya herufi mbili mbele ya jina.

Dada zangu, najua swali lenu, nimeshalipata kwa ujumbe mara nyingi. "Nikimaliza nitakuwa na miaka thelathini na kitu, nani ataniposa?" Mimi si mposaji, siwezi kukujibu hilo. Naweza kukwambia kwamba vikundi vya akina mama, mabweni ya wasichana na jikoni za mashule ni mashirika ambayo mtafiti mwanamume atasimamishwa mlangoni, na wewe utaingia ukae upewe chai.

Na ajira? Nitasema ukweli, hata kama aliyenialika atanikunjia uso. Ualimu wa chuo kikuu Kenya leo si mto wa asali. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma wiki saba wakidai pesa za makubaliano ya miaka ya nyuma. Wanaofundisha kwa vipindi wanaweza kumaliza muhula, wakasahihisha mitihani, na malipo yasionekane mwaka mzima. Nafasi za kudumu hutangazwa kwa nadra. Kama unataka pesa za haraka, PhD ni njia mbaya, kuna wenzako wenye cheti cha ufundi wanaokula vizuri kuliko mimi. Kama unachotaka ni kuitwa Daktari kwenye kadi ya harusi, basi miaka mitano ni bei kubwa ya kadi.

Anayevumilia ni yule mwenye swali linalomkosesha usingizi. Nikupe moja lililoko hapa mbele yetu. Embu kuna viwanda vya chai vya Mungania, Rukuriri na Kathangariri. Meru kuna Imenti, Kinoro, Githongo, Michimikuru. Mlima ni mmoja kwa vingi vyao, mvua inafanana, mkulima ni yuleyule mwenye kikapu mgongoni. Bonasi ikitangazwa, kiwanda hiki kinalipa vizuri na kingine kinawaliza watu. Ni udongo? Ni wakurugenzi? Ni namna majani yanavyopokewa kwenye kituo cha kununulia saa kumi jioni lori likichelewa? Watu wanapiga kelele kila mwaka na kila mtu ana jibu lake. Mtu akikaa vituo viwili kwa mwaka mmoja, akaangalia, akahesabu, akasoma kumbukumbu za mikutano, ana tasnifu. Na mama yake ataielewa.

Kwa hivyo kabla hatujaingia kwenye fomu na barua za maprofesa, leo tunafanya jambo moja. Karatasi ziko hapo mlangoni. Wewe wa kwenye simu chukua daftari. Andika shirika moja unalolijua kwa ndani, jambo moja linalofanyika humo ambalo hulielewi, na watu watatu ambao ungewauliza. Usiandike jina lako. Baada ya Asr tutazisoma moja moja, na tutaona ni zipi zinaweza kubeba miaka mitano.

Wassalamu alaykum warahmatullah.